Azaa ya Mtu Aliye Hai

Katika ukoo wao mtu hakuwa amekufa kweli mpaka Radhia binti Yazid aandike. Daktari aliweza kusema lake, waoshaji wakamaliza kazi yao, lakini kama ile picha ya kadi ya kijani ya taazia haijafika kwenye simu, watu waliendelea kukaanga sambusa zao. Kadi ikifika, majiko yalizimwa. Jamaa wa mitaa ya Azaiba na Sib, na hata wale waliohamia mbali wakajifanya wamesahau Kiswahili, wote walivaa mabaibui na kuuliza ni wapi.

Alianza kazi hiyo bila kuombwa. Miaka ishirini na sita alikaa katika chumba cha mafaili cha wizara moja hapa Maskati, akipanga karatasi za watu ambao hakuwahi kuwaona. Alipostaafu akajikuta hana cha kupanga isipokuwa jamaa zake. Nasaba alizirithi kwa bibi yake, aliyetoka Unguja na sanduku moja la nguo na kumbukumbu ya kila ndoa iliyofungwa kule, zikiwemo zile ambazo wenyewe waliomba zisahauliwe. Kwa hiyo Radhia alijua kwamba marehemu fulani ni binti wa fulani, mama wa fulani, mke wa fulani ambaye kwanza alikuwa mume wa dada yake, na alijua lipi la kuandika na lipi la kumeza. Utaratibu wake haukubadilika. Juu kabisa jina la marehemu na la baba yake. Kisha ndugu. Kisha mahali pa azaa, yaani kikao cha kupokea rambirambi. Kisha saa: wanaume msikitini, wanawake nyumbani, baada ya Alasiri hadi Magharibi, siku tatu. Yote hayo aliyahifadhi tayari ndani ya simu; alifuta maiti wa jana akaweka wa leo.

Watu walimheshimu kama wanavyomheshimu daktari wa meno. Wazee walipomwona arusini walimkumbatia kwa tahadhari. Bi Hajar, mama yake mdogo, mwenye miaka themanini na miwili, alikwisha kumwandikisha taazia yake mwenyewe, na kila Idi alimpigia simu ili abadilishe mpangilio wa wakwe kufuatana na nani kamletea halua nzuri mwaka ule.

Radhia mwenyewe hakuolewa. Siku nyingine, akiwa peke yake, alijiuliza nani atamwandika yeye, na pale penye "mama wa" watajaza nini. Akikosa jibu alikwenda kupika.

Jambo moja kazi ile ilimfundisha, na hakumwambia mtu: ukoo wake haukusoma kitu kingine chochote. Kundi lao kubwa la WhatsApp, "Wajukuu wa Bi Nawar", lilikuwa na watu mia nne na kumi. Asubuhi waliamkiana kwa picha za maua. Ijumaa waliamkiana kwa picha za maua yaliyo mbele ya msikiti. Habari za dunia zilipita humo bila kuacha hata unyevu.

Jumatatu moja Mwanakheri, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwake mwaka wa saba sasa, aliiweka simu yake mezani, mbele ya kikombe cha chai cha Radhia. Palikuwa na picha ya mkono. Radhia aliitazama, akasogeza kikombe mbali.

Mkono ulikuwa wa Paulina, binti wa Singida, miaka ishirini na saba. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba moja nje ya mji, na karai la mafuta ya moto likamgeukia, likamchoma mkono wa kulia kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Wenye nyumba walikuwa na safari. Wakamrudisha kwenye ofisi iliyomleta, huko Sib, wapatiwe mwingine, kama mtu anavyorudisha blenda. Ofisi ikamweka chumba cha juu asubiri. Alikwisha kusubiri siku kumi na moja, na dawa zake zilikuwa vidonge vya kichwa na dawa ya meno ya kupaka. Sasa mkono ulianza kunuka, na vidole viwili havikuwa na habari tena na mwenyewe.

Mwanakheri alieleza kwamba wao, wafanyakazi wa Kitanzania, walijua tangu siku ya pili. Kundi lao lilikuwa na watu mia tatu na wote walishasikia, ila wote walikuwa jikoni mwa watu. Mwenye ruhusa ya kutoka Ijumaa alikwenda na chupa ya uji. Kila waliyempigia simu kuomba msaada aliwaambia ujumbe umepokelewa.

"Ninyi ndio wenye magari, dada," alisema. "Na mkisema mnasikika. Mkono ule ukikatwa, Paulina atarudi kwao kufanya nini? Ana jembe la mkono mmoja?"

Radhia alitaka kucheka. Sauti yake yeye ilisikika pale tu mtu alipokata roho.

Hata hivyo alijaribu. Jumanne aliweka ile picha kwenye kundi la ukoo. Mpwa wake Hatem, mhandisi, msimamizi wa kundi, aliifuta baada ya dakika nne, akaandika kwamba watoto wanaangalia na watu wako mezani. Jumatano Radhia aliandika barua, aya tano, kwa Kiswahili ambacho bibi yake angekitia kwenye fremu. Akapata maua matatu, viganja vya dua kumi na tisa, na mtu mmoja akauliza kama kuna anayeuza friji. Akajirekodi sauti. Baadaye akatazama ni wangapi walioisikiliza: wanne, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe kwa simu yake ya pili.

Alhamisi kaka yake Hamoud alimpigia. Alizungumza kwa muda mrefu na kwa upole wa mtu anayeogopa, akamkumbusha kwamba kuna sheria za uvumi, kwamba yeye ni mstaafu mwenye jina safi, na kwamba mambo ya ofisi yana wenyewe. Radhia akamjibu kuwa mkono nao una mwenyewe, akakata simu.

Mchana ule, baada ya kula, ndipo alipofungua maandishi yake ya taazia. Alijiambia kwamba anaazima nguo tu. Mtu akienda kwa wakubwa huazima nguo. Akaweka kadi ya kijani, na chini yake akaandika:

"PAULINA BINTI GABRIELI, wa Singida. Dada wa Godson. Yuko Sib, chumba cha juu cha ofisi ya kuleta wafanyakazi, nyuma ya duka la mapazia, njia ya sokoni. Wanawake: Ijumaa, baada ya Alasiri hadi Magharibi."

Saa hizo hakuzitunga. Ndizo saa ambazo ofisi ile hufungua mlango siku ya Ijumaa. Baada ya hapo akaeleza kwamba Paulina yu hai, akaeleza ule mkono, akaomba mwenye uwezo amfikishe hospitali. Hapakuwa na neno hata moja la uongo. Ila simu ina tabia yake: maneno yakizidi huyakata na kuweka "soma zaidi", na anayetaka mengine abonyeze. Mkato ukaangukia pale pale, baina ya Magharibi na uhai wa Paulina.

Ndani ya robo saa walijibu watu themanini. Wote walimwombea marehemu. Kabla jua halijazama taarifa ilikuwa imefika katika makundi ambayo Radhia hakuwemo. Mama mmoja wa Azaiba aliandika kuwa alimjua marehemu tangu utotoni, mtoto mtulivu mno. Mwingine alimtafuta Gabrieli katika kichwa chake akampata: si ndio wale kina Jibrili waliokuwa Tabora na kiwanda cha sabuni, basi ni watu wetu kwa upande wa wakwe. Radhia aliingia, akaandika: jamani, someni mpaka mwisho. Wakamwitikia kwamba kweli, mwisho wetu sote ni huo huo.

Angeweza kusahihisha. Hili lazima lisemwe, maana baadaye alipenda kulisimulia kana kwamba lilimtokea tu, kama mvua. Angeandika mstari mmoja: Paulina hajafa. Aliufikiria mstari huo. Akaona watu themanini wakirudi kwenye maua yao. Akaigeuza simu kifudifudi, akalala vizuri kwa mara ya kwanza juma lile.

Ijumaa, Alasiri imeswaliwa tu, simu ikalia. Alikuwa Balqees, mtoto wa binamu yake, muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwenye ulimi usiopumzika.

"Bibi we, mbona hatukuoni? Sisi tushafika, hata pa kuweka gari hapana. Na aliyesimama mlangoni kupokea wanawake ni mwanamme. Azaa gani hii?"

Radhia alivaa baibui juu ya nguo zenye unga. Mwanakheri akaingia garini bila kuulizwa. Walipoikaribia Sib akamgeukia.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimeandika tu."

Njia ya sokoni ilikuwa imeziba kwa magari. Mwenye duka la mapazia alikuwa ametoa viti vyake vyote, na bado kuna waliosimama. Ndani ya ofisi, chini ya mabango ya wanawake waliovaa aproni na kutabasamu, walikaa wanawake kama hamsini wamevaa nyeusi. Thamosi za kahawa zilishapangwa juu ya meza ya mikataba, na sahani za halua, na tende. Bi Hajar alikuwa kwenye kiti cha meneja. Alikuja na mfuko wake wa juzuu thelathini, akazigawa, na khitma ilikuwa imefika mbali.

Mlangoni alisimama Saeed, mwenye ofisi, mtu wa makamo, kanzu nyeupe, kofia yake imekaa sawa, mkono kifuani. Kila mwanamke aliyeingia alimwambia "Adhama Allahu ajrakum", naye alimjibu inavyopasa. Afanyeje? Mtu aliyelelewa vizuri hapewi pole akauliza nani kafa. Aliitikia mara thelathini, arubaini, kwa huzuni iliyozidi kuwa ya kweli. Kiswahili alikuwa na maneno yasiyozidi saba, yote ya kumwambia mtu asubiri, na hayakumfaa kitu.

Alipomwona Radhia anasimama kutazama ovyo, akaona huyu labda anaulizika. Akamnong'oneza kwa Kiarabu: ni nani aliyefariki?

Radhia akamwonyesha simu. Saeed akalisoma jina taratibu, herufi kwa herufi. Alipofika mwisho akainua macho kwenye dari. Radhia aliona midomo yake ikihesabu, na akaelewa kwamba anahesabu siku tangu alipopanda juu mara ya mwisho. Hapo ndipo pa kusema: tulia, yu hai. Radhia akachukua tende.

Saeed alipanda ngazi mbili mbili, kanzu kaishika mkononi.

Aliporudi alikuwa ametanguliwa na msichana mwembamba aliyevaa fulana na kitenge, mkono wa kulia umezongwa shuka iliyochanwa, kaubeba kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa mtu mwingine. Saeed alimshika kiwiko kizima, akamsimamisha katikati ya chumba. Jasho lilimtiririka.

"Huyu hai," alisema kwa Kiswahili. "Yuko. Hai."

Kusoma kulikoma. Paulina aliwatazama wale wanawake waliovaa nyeusi, zile juzuu, ile kahawa, akamwona Mwanakheri, uso pekee alioujua.

"Kuna msiba? Nani kafa?"

"Wewe," Mwanakheri akamwambia.

Bi Hajar alifunga juzuu yake, kidole kikabaki ndani kushika ukurasa. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ndo maiti mwenyewe huyu?"

Vichwa hamsini vikamgeukia Radhia, na yeye akahisi unga uliokauka viganjani mwake.

"Nliandika kuwa yu hai, khalati," alimwambia mama yake mdogo. "Nliandika hapo chini."

"Chini wapi?"

"Pale pa kubonyeza."

"Nani anabonyeza?" Bi Hajar aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Radhia, mimi nimekwisha soma juzuu mbili. Nimemsomea mtu mzima anayesimama kwa miguu yake, na kwa jina lake huyu hata si Mwislamu. Thawabu hizi nizipeleke wapi?"

Paulina alidhani ameulizwa yeye.

"Niachie tu, bibi," alisema. "Nilikuwa nina haja nazo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia, ikawa mbaya zaidi. Wengine walinuna. Wawili waliinuka na thamosi zao, wakasema kuwa kifo si mchezo, na walikuwa na haki, Radhia hakuwazuia. Lakini Balqees alishamfikia Paulina na kuanza kuifungua ile shuka, akizungumza naye kuhusu Singida, ambako hajapata kufika, ili asitazame chini. Kitambaa cha mwisho kilipotoka, harufu ikaenea chumba kizima mpaka kwenye halua. Wanawake walijiziba pua kwa ncha za shela. Hapa hapakuwa na Hatem wa kufuta. Mkono ulikuwa mbele yao, wa kijani na wa kahawia na mwekundu, na hapakuwa na mahali pa kubonyeza.

"Leo," Balqees akasema. Utani ulikuwa umemtoka wote. "Si kesho. Akikaa mpaka Jumapili wanaukata."

Saeed akaeleza kwa Kiarabu, kwa adabu. Kadi ya ukaazi ya msichana, ambayo hospitali itaitaka, imo kabatini, lakini yeye hawezi kumtoa bila idhini ya mwajiri wake, na mwajiri yuko safarini, anarejea Jumapili. Kuna karatasi za kutia saini. Yeye naye ana watoto. Msichana akiondoka na watu wasiojulikana, kesho ikiulizwa yuko wapi, shingo itakayokatwa ni yake mwenye ofisi. Haya yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililomuudhi Radhia zaidi.

Bi Hajar alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akajiegemeza vizuri kwenye kiti cha meneja.

"Mwanangu," alimwambia kwa Kiarabu cha polepole, "azaa ni siku tatu. Hii ni ya kwanza, na hata Magharibi bado. Wengine watakuja, maana Radhia akiandika watu huja. Kesho watakuja wa Matrah. Keshokutwa watakuja waliokosa kesho. Kama mwajiri anarudi Jumapili, inshallah atatukuta." Akamgeukia mwanamke wa pembeni. "Nimiminie kahawa, na mwenyeji wetu mmiminie."

Saeed alipokea kikombe. Nje milango ya magari ilikuwa bado inafungwa, na sauti ya mwanamke ilikuwa inauliza kama ndipo hapa kwa marehemu Paulina. Alikunywa kahawa yote, akatikisa kikombe kama inavyopasa mtu akiwa ametosheka, akaenda kabatini. Kadi alimkabidhi Bi Hajar, si Radhia. Saeed alimwangalia Radhia mara moja tu, na hakuna mwingine aliyewahi kumtazama vile katika miaka yote ya kuandika wafu.

Hospitalini walimpokea upesi, maana Balqees alijua mlango gani wa kugonga. Daktari alisema mkono utabaki. Vile vidole viwili hana ahadi navyo. Lazima aingie chumba cha upasuaji saa ile ile, asafishwe. Paulina alikubali yote. Akaomba jambo moja, azungumze na mama yake kwanza.

Mwanakheri ndiye aliyempigia Godson, kaka wa Paulina. Simu ilipokelewa, wakasikia vilio. Taarifa ya Radhia ilikuwa imefika Singida tangu asubuhi. Ilipita Dar es Salaam, ikapita kwa mchungaji, na huko kote hapakuwa na aliyebonyeza. Turubai lilikuwa limefungwa uani. Godson, aliposikia sauti ya dada yake, alikata simu kwa hofu.

Radhia aliketi kwenye kiti cha karibu. Mzaha wote alioufanya tangu jana, ile tende, ule usingizi mzuri, ulimrudia. Miaka yote alikuwa akiwaza nani atakayesoma anachoandika. Hakuwahi kumwaza mama.

Walipiga tena, safari hii ya video. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani alitokea, macho yamevimba, watu wamemzunguka. Alimsogelea Paulina mpaka uso wake ukajaa kioo.

"Sema jina la shangazi yako aliyekulea," akasema.

Paulina akalitaja.

"Nionyeshe huo mkono."

"Hapana, mama. Sio mzuri."

"Nionyeshe."

Paulina hakuweza kushika simu na kuinua mkono kwa pamoja, kwa hiyo Radhia ndiye aliyeishika. Mama yule aliutazama mkono. Hakufumba macho wala hakugeuka, aliuomba uzungushwe auone upande wa pili, akauona, akashusha pumzi.

"Mwambieni daktari aanze," akasema.

Wauguzi wakaja, kitanda kikasukumwa, mlango ukafunguka ukajifunga. Radhia alibaki kwenye ukumbi na simu mkononi, na mama wa Paulina bado yumo ndani yake.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nimechinja mbuzi," mama yule alisema. "Watu wameshakaa. Nawaambiaje?"

Radhia alitafuta la kusema. Alikuwa amewaandikia wafu mia tatu na kitu, na kila mmoja alijua amwekee nini.

"Waambie wale nyama," alisema. "Wale, halafu wasubiri na sisi."

Mama akageuka akawaambia. Zikasikika sahani, na mtu akiulizia chumvi. Kisha akaiegemeza simu kwenye kitu fulani, ikawa inatazama turubai, akaketi mbele yake. Radhia naye akaketi. Hakuna aliyekata simu.